Damu Aliyoishangilia

Damu ilipoanza kumtoka, Mizani alifurahi. Tuseme hivyo mapema, asije mtu baadaye akajifanya hakusikia. Alifurahi mpaka akajifungia msalani pale ghalani, akacheka peke yake mkono mdomoni, huku wapagazi wakigonga mlango na kuuliza kama kuna mtu amezirai humo ndani. Ilikuwa imepita miaka mitano na ushei bila kuziona siku zake. Tangu uvimbe wa kizazi chake ukaushwe kwa mashine, mwili ulikuwa umenyamaza, ukabaki na joto la ghafla la kumpanda usoni katikati ya kazi. Kila alipouliza aliambiwa avute subira, mwili ukipata nguvu damu itarudi yenyewe. Sasa imerudi. Na damu ikishapata njia, alijiambia, mtoto naye hatakosa njia.

Jina la Mizani alipewa na haohao wapagazi. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa magunia katika ghala la nafaka, na hakuna aliyewahi kumwona akimpunja mtu hata robo kilo, wala akimwongezea jamaa yake hata kikombe. Mwenye gunia pungufu aliambiwa mbele za watu kwamba gunia lake ni pungufu, na mwenye kununa alinuna. Halafu pana jambo jingine. Wanawake wengine pale mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Yeye hakuwa na wa kuitiwa, basi likamkaa hilo la chombo cha kazi, naye akalizoea.

Wa kwanza kuambiwa habari njema alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimpigia simu akiwa bado na pumzi za kicheko.

"Dada, zimerudi!"

"Nini kimerudi?"

"Siku zangu, dada. Zimerudi!"

Upande wa pili zilisikika kelele za wanafunzi, kisha mlango ukafungwa.

"Mungu mkubwa," dada alisema hatimaye. "Usimtangazie mtu, mdogo wangu. Mambo haya hayatangazwi."

Wa pili alikuwa mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, na ukitaka kumjua kinyozi huyu, jua tu kwamba hakuna aliyewahi kukaa katika kiti chake akaondoka bila kujua habari za mtaa mzima. Mizani aliingia mle kinyozini mchana kweupe, wateja wamejaa kwenye benchi, akamnong'oneza sikioni. Mashine ilimteleza mkononi ikamchuna mteja nyuma ya sikio. Mteja akapiga kelele, wengine wakacheka, na kinyozi akasimama na pamba mkononi akimtazama mkewe kama amemsahau jina.

"Mungu mkubwa," alisema naye. Kisha akatabasamu.

Walisema maneno yaleyale, kama wanafunzi waliokariri somo moja. Mwenye masikio angeshtuka. Mizani hakushtuka, kwa sababu furaha huziba masikio kuliko pamba. Jioni ile walipokuwa wakila alimwomba mumewe achague jina, na mumewe, baada ya kutafuna tonge moja muda mrefu sana, akachagua la marehemu baba yake. Kama ni wa kike, alisema, wewe utachagua.

Lakini damu haikufuata mwezi. Ilikuja matone, ikakoma, ikaja tena nyekundu mbichi, ikakoma. Mizani aliitetea kama mtu anayemtetea mwanawe mtundu. Mashine iliyolala miaka, alisema, ukiiwasha lazima ikohoe kwanza. Dada alimletea vidonge vya kuongeza damu. Kinyozi alianza kumkataza kubeba ndoo. Mara kadhaa Mizani aliwakuta wawili hao kinyozini, mlango umeegeshwa, wakizungumza chini kwa chini, nao wakaacha walipomwona. Akadhani wanamwandalia jambo zuri, akajifanya hakuona ili asiwaharibie.

"Mizani, umepungua kilo!" wapagazi walimtania. "Panda juu tukupime!"

"Nitapanda," aliwajibu, "na nikishuka nitakuwa wawili."

Asubuhi aliyoanguka alikuwa anasoma uzito wa gunia la maharage. Alihisi kitu cha moto kikimshuka miguuni, akatazama chini, akaona viatu vyake vimejaa. Hiyo haikuwa tena damu ya mtu kuitetea. Wapagazi walimpakia kwenye kitoroli cha magunia, wakamsukuma mbio hadi barabarani, wakasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitalini alipokewa na daktari wa zamu, kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa anauliza huku anafanya kazi, mikono haitulii. Kinyozi alikuwa amefika, bado amevaa aproni iliyojaa nywele za watu, amesimama upande wa miguu.

"Mama, umewahi kuugua saratani?"

"Mungu apishe mbali!" Mizani alisema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Umewahi kutibiwa kwa mionzi?"

"Sijawahi. Nilikaushwa uvimbe tu, zamani."

"Ulikaushwa vipi?"

"Kwa mashine. Niliambiwa ni ya kukausha."

Daktari hakuridhika. Alimgeukia mume.

"Mzee, una la kuongeza?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. Mtu ambaye angeweza kukusimulia harusi ambayo hakualikwa, tangu mwanzo hadi mwisho, alitazama viatu vyake akasema:

"Alivyosema mwenyewe ndivyo."

Basi daktari akafanya kama angefanya daktari yeyote aliyepewa habari hizo. Alipomchunguza aliona kidonda katika mlango wa kizazi, akahofia ni saratani mpya, akachukua kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa. Nyama iliyowahi kuchomwa na mionzi haichezewi hivyo bila tahadhari, lakini nani alikuwa amemwambia kwamba imechomwa? Pale alipokata palifumuka. Pamba walizoshindilia zililowa, wakaweka nyingine nazo zikalowa, na sauti ya kijana yule ikapanda alipoagiza damu ya kuongezewa na kutaka aitwe daktari wa mishipa upesi.

Daktari wa mishipa alikuwa mama mnene mwenye miwani, na chumba chake kilikuwa baridi, kina skrini ukutani na mkono mkubwa wa chuma uliopinda juu ya meza. Alizungumza taratibu, jambo lililomtuliza Mizani kuliko sindano.

"Sikia, mama. Sikupasui. Nitatoboa tundu dogo hapa pajani, karibu na nyonga. Nitapitisha mrija mwembamba sana ndani ya mshipa wa damu mpaka ufike panapovuja. Nikipaona nitapaziba kwa ndani. Utakuwa macho, ila pajani nitakupiga ganzi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Muuguzi alifunua shuka amsafishe. Daktari akainama, akasogeza miwani. Chini ya kitovu palikuwa na kidoa cha buluu, kidogo kuliko punje ya mtama. Kwenye nyonga ya kulia palikuwa na kingine, na ya kushoto kingine.

"Hivi nani alikuchora?"

"Mafundi wa ile mashine ya kukausha. Walisema ni alama zao, nisizisugue."

Daktari alinyooka. Kinyozi alikuwa ameitwa mlangoni, kwa kuwa kuna karatasi ya kutiwa saini na walidhani mgonjwa amelegea mno. Daktari alimtazama yeye kwanza, kisha Mizani.

"Mama, alama hizi huwekwa ili mionzi ipige palepale kila siku. Hii ilikuwa tiba ya saratani. Hukuambiwa?"

Mizani alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia jina la mtu mwingine likiitwa.

"Si mimi. Mimi nilikuwa na uvimbe. Muulize mume wangu."

Wakamtazama mume.

"Mzee, leo uliulizwa na mwenzangu wa zamu," daktari alisema, na upole wake wote ulikuwa umekwisha. "Uliulizwa au hukuulizwa?"

"Aliyeulizwa ni yeye," kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Nami nilidhani mashine zenu zitaona zenyewe."

"Ilikuwa nini?" Mizani aliuliza.

"Mke wangu..."

"Ilikuwa nini?"

"Saratani. Ya mlango wa kizazi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema vizuri, lakini hawakuacha neno lolote kwa mtu aliyefichiwa maradhi yake mwenyewe. Mizani alilala pale anatazama dari, damu inamtoka, na kitu kilichokuwa kinampita kichwani hakikuwa saratani hata kidogo. Saratani ingesubiri zamu yake.

"Na hii damu?" alimuuliza daktari. "Si siku zangu?"

"Si siku zako, mama. Mionzi iliua saratani, lakini huacha mishipa imedhoofika. Miaka ikipita, ukuta wa mshipa unaweza kutoboka. Ndicho kilichotokea."

"Siku zangu zitarudi lini?"

Daktari angeweza kusema tuzungumze baadaye. Wengi wangesema hivyo.

"Hazitarudi. Mionzi ikipigwa nyongani, mayai hufa. Zilikoma wakati uleule."

Miaka mitano na ushei! Alikuwa amekunywa majani ya kila rangi. Alikuwa amevua nguo mbele ya wakunga na waganga na madaktari wa mitaa saba, maana mficha uchi hazai, na aliyemshika mkono kwenda huko kote, aliyembebea mkoba, alikuwa dada yake. Alikuwa ameacha kona ya chumba wazi, haweki kabati, haweki chochote, kwa ajili ya kitanda kidogo. Yeye na mumewe walikuwa wakiizunguka kona ile kila siku wanapopita.

"Siku ile nilipokuja kinyozini," alisema bila kumgeukia mumewe, "ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua ni ugonjwa."

"Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba siyo... siyo hiyo."

"Na jina ukachagua."

Kinyozi alianza kulia. Alilia kwa kelele, kamasi na yote, na wallahi usimhurumie haraka, kwa sababu machozi yale yalikuwa na miaka mitano ya kutoka, nayo hayakutoka.

"Dada ndiye aliyesema tusikwambie," alisema. "Mimi nilikubali tu."

"Mtoeni," Mizani alisema.

Muuguzi akamtoa. Daktari akashika karatasi, akasema kwamba kila dakika ina gharama yake na sharti mtu akubali au akatae. Ukweli ni kwamba Mizani aliwaza kukataa. Aliona ilivyo rahisi: kufumba macho tu, amalize, wabaki na siri yao wailee wao. Kisha hasira ikampanda kutoka miguuni, hasira nzuri yenye afya. Akifa, nani atawagombeza? Watamlilia, watapewa pole mtaa mzima, watu watasema walimtunza vizuri mpaka mwisho.

"Nipe kalamu," alisema.

Ganzi iliuma kama nyuki, kisha paja likawa si lake. Aliona kwenye skrini mrija ukipanda, mstari mweusi mwembamba unaojua uendako. Daktari alimwambia kila kitu kabla hajakifanya. Sasa utahisi joto. Joto likaja, likammwagikia kiunoni, na kwenye skrini mishipa yake ikachipuka yote kwa pamoja, kama mizizi ya mche ulionyofolewa. Kwenye ncha ya mzizi mmoja palikuwa na wingu dogo jeusi, linatanuka.

"Kile kidoa nini?"

"Ndipo unapovujia."

"Kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo. Usitikisike."

Daktari alisukuma mrija mwingine ndani ya ule wa kwanza, mwembamba zaidi, mpaka mlangoni kwa wingu. Alipitisha vipande vya sponji, kisha vizibo vya waya vilivyojikunja vyenyewe vilipotoka, kimoja baada ya kingine. Maumivu ya kubana yakapita tumboni, maumivu aliyoyajua na kuyasahau, yale ya kila mwezi. Hapo ndipo Mizani alipolia. Daktari alidhani ni maumivu, akaagiza dawa, naye hakumsahihisha.

"Mbona wewe unaniambia kila kitu?" aliuliza baadaye, ulimi umeanza kuwa mzito.

"Umeniuliza, mama."

Jibu hilo lilimkera kuliko lilivyomfariji. Kwani kule kwenye jengo la ile mashine ya kukausha hakuuliza? Aliuliza. Siku ya kwanza aliuliza mbona wote kwenye benchi wamekonda, mbona wengine vichwa havina nywele, na dada akajibu kwamba mashine ni moja, magonjwa ni mbalimbali. Aliwahurumia sana wale watu. Aliwaletea maji. Alimwambia mmoja, mama wa makamo, akaze moyo, Mungu ataiondoa saratani yake. Yule mama alimtazama kwa namna ya ajabu akasema, na yako pia, binti yangu. Mizani alidhani amechanganyikiwa kwa ugonjwa. Hakuuliza tena. Tuseme na hili: labda mahali fulani ndani yake hakutaka kuuliza tena. Lakini kutotaka kuuliza si ruhusa ya kudanganywa.

Daktari aliingiza tena ile dawa ya picha iliyoleta joto. Mishipa ikachipuka, na penye wingu hapakuwa na kitu.

"Imekoma," daktari alisema, akavuta pumzi.

Wodini aliamriwa alale chali mguu umenyooka, tundu lile lisije likafunguka. Kesho yake dada alikuja. Aliingia kama anavyoingia darasani, akasimama, akangoja watu wanyamaze. Mizani hakuweza kujigeuza ampe mgongo, kwa hiyo alifumba macho.

"Mdogo wangu, tulifanya kwa kukupenda."

"Nani mwingine anajua?"

"Hayo tuyaache."

"Nani?"

Dada aliketi. Alianza kuwataja, na kila jina lilitoka kwa shida kuliko lililotangulia. Wifi zake. Majirani wa pande zote mbili. Msimamizi wa ghala, maana ile likizo ndefu ilitolewaje? Wapagazi waliambiwa na msimamizi. Wapagazi! Wale waliosema panda tukupime! Dada alipofika kwa muuza magazeti wa pale kona, Mizani alimwomba aache.

"Mama aliambiwa," dada alisema, na sauti ya darasani ilikuwa imemtoka. "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Daktari alimwambia ugonjwa wake waziwazi, akarudi nyumbani, akageukia ukutani. Hakula. Hakuzungumza nami tena. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado mdogo, alikufa kwa maneno. Nilipoambiwa una saratani, nilikuona umegeukia ukuta uleule. Ungefanyaje ungekuwa mimi?"

"Mimi si mama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungeniambia. Ningekuwa nimelia nikamaliza. Ningekuwa nimeomba mtoto wa kulea. Dada, nina miaka arobaini na mbili, nimekaa nangoja kitu ambacho mtaa mzima, mpaka muuza magazeti, anajua hakiji!"

Dada aliinamisha kichwa. Mizani hakuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mtu. Kinyozi alikuwa ameingia taratibu, amesimama nyuma yake, macho yamevimba.

"Hatutarudia," dada alisema. "Naapa kwa kaburi la mama. Kuanzia leo lako ni lako, likiwa tamu likiwa chungu utaambiwa wewe kwanza."

"Naapa na mimi," kinyozi alisema.

Mizani aliwaacha wakae. Hakusamehe, asije mtu akasema alisamehe, ila mtu amelala chali na njaa inamuuma, na dada ndiye aliyeshika bakuli la uji. Alifungua mdomo akalishwa kijiko kwa kijiko, kama alivyolishwa utotoni. Siku zilizofuata alianza hata kumjibu mumewe. Mara moja kinyozi alisimulia kisa cha mteja aliyesinzia akanyolewa ndevu alizozifuga miaka mitatu, na Mizani akacheka kabla hajajizuia. Damu haikurudi. Alianza kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea hadi dirishani.

Kilichobaki ni majibu ya kile kipande cha nyama. Kama saratani ilikuwa imerudi, mshipa kuzibwa kungekuwa kumempa muda tu. Kama haikurudi, amepona. Hakuna mtu wodini aliyelizungumzia, na wote walikuwa wanalingoja.

Majibu yalikuja saa za kutazama wagonjwa. Mizani alikuwa ameketi kitandani. Dirisha la wodi lilitazama ukumbini, vioo vyake vya kukunja viko wazi kwa ajili ya hewa, na alisikia viatu vya daktari wa mishipa, alivyokwisha kuvijua, vikija. Kisha vikasimama, na akasikia sauti ya dada.

"Daktari, samahani. Hayo majibu tuambie sisi kwanza."

"Majibu ni ya mgonjwa, mwalimu."

"Ni yake, hakuna anayebisha. Lakini ndiyo kwanza anaanza kula. Kama ni mabaya..."

"Kama ni mabaya," kinyozi alidakia, "mwambie ni upungufu wa damu tu. Tafadhali, daktari. Sisi tutajua la kufanya."

"Mwambie yamekuja safi," dada alisema. "Utamwambia ukweli akipata nguvu. Nakuomba kama mzazi."

Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, magurudumu yakapiga kelele sakafuni, na jibu la daktari likapotelea humo. Alichojibu ni hiki, nami nakwambia wewe kwa sababu yeye hakukisikia: alisema hajawahi kumdanganya mgonjwa na hataanza na huyu, na kwamba waone haya. Alisema kwa ukali, na dada akarudi nyuma hatua moja. Lakini Mizani alisikia magurudumu tu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke asiyemfahamu, alikuwa amesikia aliyoyasikia yeye. Walitazamana, kisha yule akajifunika shuka hadi usoni kwa aibu isiyo yake.

Wakaingia wote watatu. Daktari alikuwa mbele, anatabasamu.

"Mama, majibu yamekuja safi. Hakuna saratani. Kile kidonda ni cha mionzi ya zamani, na mshipa tumeuziba. Umepona."

Ilikuwa kweli tupu, kila neno. Dada alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wengine wakainua vichwa. Kinyozi alipiga magoti pale sakafuni, akaushika mkono wa mkewe akaulowanisha kwa machozi. Furaha yao ilikuwa ya kweli, hawakuigiza hata chembe. Mizani aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Alitafuta usoni mwa dada, akatafuta usoni mwa mumewe, akaona nyuso zilezile alizoishi nazo miaka yote hii, zinampenda sana, na hakuweza kusoma kitu.

"Watoke," alisema.

"Mdogo wangu, hukusikia? Umepona!"

"Nimewasikia. Nimewasikia na huko nje. Tokeni."

Dada alitazama dirisha, akaona vioo viko wazi. Kinyozi alitaka kusema neno, dada akamvuta kwa shati, wakatoka. Mizani alingoja mpaka mlango ulipofungwa.

"Rudia, daktari."

Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, akarudia tangu mwanzo, polepole, bila kupunguza wala kuongeza. Akamwonyesha na karatasi. Akamwambia aliyowajibu kule ukumbini. Mizani alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa heshima zote, maana huyu mama alikuwa ameokoa maisha yake. Kisha akamuuliza kama kuna hospitali nyingine ya kwenda kupimwa upya, mahali ambapo hakuna mtu anayemjua dada yake.